Jina Lililomwita Fisi

Mwaka ninaousimulia, mto ulikauka mpaka mamba wakahama kwa miguu. Wewe cheka, lakini waliouona msafara ule hawakucheka. Mamba kumi na wawili walipanga mstari, watoto wamewabeba mgongoni, wakawa wanauliza njia kwa kila waliyekutana naye. Nyasi ziligeuka rangi ya mchanga, na mchanga ukachoma kwato. Ndipo Simba, mfalme wa nyika yote, alipoamuru kichimbwe kisima katikati ya mto mkavu, na kila mnyama ashike kazi.

Simba ana maringo, hilo halihitaji shahidi. Hata amri ya kuchimba shimo aliitoa akiwa amesimama juu ya jiwe, kifua mbele, manyoya yamechanuliwa.

"Kisima kitachimbwa kwa zamu," alinguruma. "Aliyechoka atapaza sauti aseme, 'Zamu!' Zamu ikiitwa, mnyama aliye karibu na asiye na kazi mkononi atashuka shimoni saa hiyo hiyo. Hakuna cha mgongo unaniuma, hakuna cha nilikuwa napita tu. Atakayekataa hatapata tone la maji. Wanaosamehewa ni wanaonyonyesha. Na mimi, bila shaka."

Nyani akapewa fimbo na cheo cha msimamizi, na lo, cheo kilimkaa! Tangu siku hiyo hakuna aliyepumzika hata kujikuna. Wanyama walichimba, pofu kwa swala, nyumbu kwa kanga, wote isipokuwa mmoja. Kwa kuwa sheria ilimtaja aliye karibu, Fisi alihakikisha hayupo karibu kamwe. Asubuhi ungemkuta upande wa pili wa kilima, mchana huko huko, na ukimuuliza anafanya nini anakwambia anatafuta mizizi ya dawa ya tumbo. Tumbo lake halikuwa na ugonjwa wowote zaidi ya ukubwa.

Simba alikuwa na sheria nyingine, ya zamani zaidi, aliyoitunga enzi za mvua nyingi. Aliiita Sheria ya Mgeni. Mwenye nyumba akishatamka "karibu" mlangoni pake, amekaribisha. Mgeni ataingia, ataketi, atakula, na hataondolewa mpaka aseme kwa mdomo wake mwenyewe, "Nimeshiba." Atakayemgusa mgeni kwa ubaya atafukuzwa nyikani.

Miaka ya neema sheria hiyo haikumsumbua mtu, kwa sababu wanyama wengi wana haya. Unakaribishwa, unashukuru, unamega tonge mbili, unasema umeshiba hata kama tumbo bado linakulalamikia, unaaga. Lakini ukame ulipobana, neno lenyewe likawa adimu. Wanyama walikula wamefunga milango, na wakikutana njiani walisalimiana kwa mbali. Iliwauma sana, maana hawakuzoea kuishi hivyo.

Basi, juu ya ukingo wa mto, mbali kidogo na kisima, waliishi nungunungu wawili, Karimu na mkewe Zabibu. Karimu alikuwa mchimbaji hodari, na Zabibu alikuwa na akili ya kuona mbele. Kabla mto haujakauka alikuwa ameshamenya muhogo, ameuanika, na kulijaza pango la ndani kwa makopa makavu. Watu walimcheka siku zile, wakamwita mama maghala. Sasa hakuna aliyemcheka.

Katikati ya ukame huo Zabibu akajifungua mtoto wa kike. Makopa yale yalitosha kuwafikisha kwenye mvua, kama hakuna mdomo mwingine utakaoongezeka. Zabibu alilijua hilo kila alipomweka binti yake kifuani. Makopa yakiisha, maziwa yangekatika, na maziwa yakikatika mtoto angekufa. Alikuwa na hofu hiyo usiku na mchana, ila hakumwambia mtu.

Kwa desturi ya nyika ile mtoto hutangazwa jina siku ya saba. Siku ya sita ilifika na jina halijapatikana.

"Ataitwa kwa jina la mama yangu," alisema Karimu. "Mama yangu alinilea peke yake."

"Na mimi nililelewa na nani? Na mchwa?" akajibu Zabibu. "Nani kambeba huyu tumboni? Wewe?"

Nungunungu wakigombana miiba husimama, na pango lao lilikuwa dogo. Ikabidi kila mmoja abanane na ukuta wake wasije wakachomana, huku miiba ikigongana kama vijiko kwenye kapu. Kelele hizo ndizo zilizomfikia Sungura, aliyekuwa akipita zake na masikio yake marefu. Unamjua Sungura: mahali penye jambo lisilomhusu, hapo hapo ndipo atakaposimama.

"Hodi!" aliita. "Msinikaribishe, jamani, nayajua mambo ya mwaka huu. Nitaongea nikiwa huku huku nje. Mnagombea nini?"

Wakamweleza, wote wawili kwa pamoja, kwa hiyo aliambiwa mara mbili.

"Basi hilo ndilo la kuvunjia ndoa?" Sungura akacheka. "Waacheni bibi zake wapumzike. Chukueni majina yenu wenyewe, myakate, myashone pamoja. Mtoto ni wa wawili, na jina liwe la wawili. Ngojeni. Karimu, Zabibu. Zabibu, Karimu. Bibumu!"

"Bibumu ni ngoma au ni ugonjwa?" aliuliza Zabibu.

"Karizabi."

"Hiyo ni dawa ya minyoo," alisema Karimu.

"Muzabi. Hapana, hata mimi sikuipenda." Sungura alifumba macho, akatikisa pua, kisha akaruka juu. "Nimeipata! Kari, kutoka kwa Karimu. Bu, kutoka kwa Zabibu. Karibu!"

Miiba ikalala mmoja mmoja.

"Karibu," alisema Karimu polepole, na macho yakamlenga machozi. "Mtoto si mgeni? Mgeni aliyekuja na njaa hii yote, na bado tunafurahi amekuja."

"Ni zuri," alikiri Zabibu. "Lakini mbona mwenzangu kapewa Kari nzima, mimi nimeambulia bu?"

"Shemeji, hiyo bu ndiyo inayofunga jina," Sungura alimbembeleza. "Toa bu, kinabaki nini? Kari. Kari ndiyo nini?"

Wakacheka, wakakubaliana. Sungura akaenda zake akijisifu njia nzima, na kila aliyekutana naye alimsimamisha ili amsikilize. Hapo ndipo ujanja wake unapomponza kila siku. Angenyamaza hata kwa muda wa kutafuna karoti moja, angekumbuka kwamba nyika ile ina Sheria ya Mgeni.

Siku ya saba wanyama wakakusanyika. Simba akapanda juu ya jiwe, akakohoa, akanguruma, "Mtoto huyu ataitwa KARIBU!"

Nyuma kabisa swala watatu wakasema, "Ahsante," wakasogea mbele kutafuta sahani. Watu waliangua kicheko. Swala wakaona haya, wakarudi nyuma, na sherehe ikaisha kwa vigelegele. Hakuna aliyelifikiria tena jambo lile, ila mmoja. Nyuma ya kichuguu Fisi alikuwa amekaa akilirudia jina la mtoto kimoyomoyo, na kila akilirudia mate yalimdondoka. Fisi hana akili nyingi, lakini akili yake yote imekaa upande mmoja, upande wa chakula, na upande huo hakosi.

Watoto wa nungunungu hutembea mapema. Wiki mbili hazijatimia, binti alishakuwa mtundu. Ukigeuka kidogo tu, yuko nje anafukuzana na sisimizi, au anaelekea kule kwenye shimo la kisima, ambako akianguka hatoki. Zabibu akawa anasimama mlangoni kutwa nzima.

"Karibu!" aliita asubuhi moja. "We Karibu! Karibu mama, njoo ndani!"

Kabla mtoto hajageuza kichwa, Fisi alishapita mlangoni. Aliketi karibu na mafiga, akakunja miguu, akafuta mdomo kabla hata hajala.

"Ahsante shemeji," alisema. "Nimekaribia."

"Sikukuita wewe!" Zabibu alipiga kelele. "Namwita mwanangu!"

"Umesema karibu, au hukusema?"

"Nimesema, lakini..."

"Mara ngapi?"

Zabibu akachungulia nje kumtafuta mtoto.

"Mara tatu," Fisi alimsaidia. "Mpaka nikaona aibu kubaki nje. Haya, wapi hayo makopa? Mimi kwa kawaida ni mtu wa mifupa, lakini nikiwa mgeni sichagui."

Karimu alitoka shimoni akikimbia, miiba yote juu. Fisi hakutikisika. Alimnyooshea kidole cha mguu tu, akamkumbusha sheria: kumchoma mgeni ni kufukuzwa nyikani, mume, mke na mtoto. Karimu akarudisha miiba chini. Fisi akala kikapu cha kwanza, akala cha pili, akalala pale pale, akaamka, akaulizia cha tatu.

"Hujashiba tu?" Karimu aliuliza.

"Hilo neno huwa nalisikia kwa watu," alisema Fisi. "Bado halijanijia."

Kesho yake wakaenda kwa Simba. Karimu akaeleza kila kitu, na wanyama waliokuwapo wakaguna. Sungura alikuwepo pia, masikio yamelala mgongoni.

"Alikuwa anamwita mtoto, Mfalme," Karimu alimalizia. "Kila mtu anajua alikuwa anamwita mtoto."

"Kumwita mtoto si hoja," Fisi aliingilia. "Neno ni neno. Ama Sheria ya Mgeni ina milango ya nyuma? Kama inayo niambiwe, nitatoka sasa hivi. Ila tutajua kuwa Simba huweka sheria, na nungunungu huzifuta."

Kwa Simba, hapo ndipo penye kidonda. Alijinyoosha mpaka akawa mrefu kuliko alivyokuwa.

"Sheria zangu hazifutwi na mtu," alinguruma. "Na haziulizi nani alimaanisha nini moyoni. Neno la sheria likishatamkwa mlangoni, aliye karibu akalisikia, limemhusu. Nimemaliza. Fisi ni mgeni mpaka aseme ameshiba."

"Mfalme amesema!" Fisi alipiga magoti kwa furaha. Njia nzima ya kurudi aliimba, neno ni neno, neno ni neno, huku Karimu akimfuata nyuma kichwa chini.

Siku ya tano tangu Fisi aingie, Zabibu aliingia pango la ndani, akatazama, akatoka nje. Makopa yaliyobaki yalikuwa ya siku tatu kwa ulaji ule wa Fisi. Alikwenda nyuma ya kichuguu, akamkumbatia mtoto, akalia kwa sauti. Karimu alimkuta pale. Sungura naye akaja, taratibu, kwa hatua za mtu aliyekuja kuomba radhi.

"Usinisogelee!" Zabibu alimwambia. "Wewe na mishono yako!"

"Shemeji, nimekosa," alisema Sungura. "Sina la kujitetea. Nimefikiri mpaka kichwa kimeniuma. Hata tukimbadilisha mtoto jina sasa hivi, haisaidii kitu. Fisi ameshaingia. Hatoki mpaka aseme neno lile, na neno lile hana."

"Na nitalibadilisha vile vile!" Zabibu alijifuta machozi kwa nguvu. "Mama ana haki ya kutoa jina la nyumbani, haki hiyo hata Simba hawezi kuninyima. Sitaki tena kulisikia hilo Karibu lenu mdomoni mwangu. Tangu mwanzo sikulipenda. Mwenzangu kapewa Kari, mimi bu! Bu ni mlio wa bundi! Safari hii jina linaanza na mimi."

"Mke wangu, sasa si wakati..." Karimu alianza.

"Ndio wakati wenyewe! Mimi ni Za. Wewe ni mu, ukae nyuma huko na wewe uonje. Za, mu. Zamu. Basi, kwisha. Njoo mama, Zamu wangu."

Alitaka kuendelea kulia, lakini Sungura alikuwa amesimama wima, masikio mawili juu, mdomo wazi.

"Rudia," alisema.

"Nirudie nini?"

"Jina, shemeji. Rudia jina la mtoto."

"Zamu," alisema Zabibu. Akamtazama mumewe, mumewe akamtazama yeye, kisha wote watatu wakaugeukia mlango wa pango, ambako Fisi alikuwa akikoroma.

"Ila Simba hawezi kukubali," Karimu alinong'ona. "Ameshahukumu, na Simba hali matapishi yake."

"Nani kasema atayala?" Sungura alikuwa tayari anarukaruka. "Sisi hatutamwomba aivunje hukumu. Tutamwomba airudie tu, kwa sauti, mbele za watu."

Na kumwomba Simba arudie maneno yake si kazi ngumu. Sungura alimwambia kwamba wanyama wa kule nyuma hawakuisikia vizuri hukumu ile, na wanaona ni hasara kubwa kwao. Asubuhi Simba alikuwa mbele ya pango la nungunungu, manyoya yamechanuliwa upya. Nyani naye aliletwa na fimbo yake, na wachimbaji waliokuwa wakisubiri wakaja nyuma yake. Fisi alitoka mpaka kizingitini kuwaona, kopa mkononi, akafurahi kwamba amepata watazamaji.

"Neno la sheria likishatamkwa mlangoni," Simba alinguruma, "aliye karibu akalisikia, limemhusu!"

"Bwana Fisi," Sungura akauliza kwa adabu, "unaikubali?"

"Naikubali kwa miguu yote minne," alisema Fisi, mdomo umejaa.

"Hata kama mama wa watu alikuwa anamwita mtoto wake tu?"

"Kumwita mtoto si hoja! Mara ngapi nimesema? Neno ni neno!"

Wakati huo binti, ambaye hukumu za wakubwa hazikumhusu, alikuwa ameshapita chini ya tumbo la pofu na kushika njia ya kisimani. Zabibu akasimama mlangoni, akavuta pumzi.

"Zamu! We Zamu! Zamu mama, njoo ndani!"

Fimbo ya Nyani ilinyanyuka yenyewe kwa mazoea. "Zamu imeitwa! Nani yuko karibu, hana kazi mkononi?"

Vichwa vyote vikageukia kizingitini, maana Fisi ndiye aliyekuwa karibu zaidi na sauti ile. Fisi alitazama nyuma yake, akaona ukuta.

"Mimi nina kazi," alisema haraka. "Si mnaona nakula?"

"Sheria inasema mkononi," Nyani alimjibu. "Kazi yako iko mdomoni. Shuka."

"Mimi ni mgeni!"

"Mgeni amekatazwa kuguswa kwa ubaya, na hakuna aliyekugusa. Waliosamehewa zamu ni wanaonyonyesha, na Mfalme. Wewe unamnyonyesha nani?"

"Lakini hakuwa anaita zamu!" Fisi alipiga kelele. "Alikuwa anamwita mto..."

Akajisikia mwenyewe. Alifunga mdomo, lakini alikuwa amechelewa. Swala ndio waliokuwa wa kwanza kucheka, kisha nyumbu, kisha nyika nzima. Hata Simba alilazimika kutazama pembeni kidogo ili aendelee kuonekana mfalme.

"Hukumu ni yangu," alisema alipokuwa tayari, "na wewe umeisifu mara mbili. Shuka."

"Tena ameita mara tatu," Sungura alikumbusha. "Hesabu nzuri, si ndiyo hiyo iliyokuingiza ndani?"

Fisi akachimba zamu tatu mfululizo, na jua la mwaka ule hukulijua wewe. Alipopanda juu mgongo haukunyooka. Alirudi pangoni, akaketi, akashika kopa. Binti akatoka nje kumfuata kipepeo. "Zamu!" aliita Zabibu, na Nyani akagonga fimbo mlangoni. Fisi akashuka. Alirudi, akashika kopa lile lile, mtoto akaona mjusi. "We Zamu!" Fisi akashuka.

Mtoto yule, nakuapia, hakufundishwa na mtu. Alikuwa mtundu wa kuzaliwa, na mama yake alikuwa akimwita kwa haja hasa, maana shimo lilikuwa pale na hofu yake ilikuwa ya kweli. Siku hiyo ya kwanza alimwita mara kumi na tisa. Siku ya pili Fisi alijaza nyasi masikioni, akajifanya hasikii. Nyani akayachungulia yale masikio, akazivuta nyasi, akampa swala mmoja azile. Mchana Fisi akajaribu kumbembeleza mtoto mwenyewe.

"Mwanangu, kaa hapa na mjomba," alimwambia. "Nje kuna joto."

Binti akamtazama kidogo, akaona pua yake inachekesha, akaichoma kwa kimwiba kimoja kidogo, akatoka nje mbio.

"Zamu!"

Siku ya tatu makopa yaliyobaki yalikuwa mengi kuliko yalivyotarajiwa, kwa sababu mlaji hakupata nafasi ya kula. Fisi alipanda kutoka shimoni amejaa udongo mpaka kope, mbavu zinahesabika. Njaa aliyokuwa nayo siku hiyo haikuwa ya mchezo, ilikuwa njaa ya mfanyakazi, na hiyo alikuwa hajawahi kuionja tangu azaliwe. Aliingia akiyumba. Alichukua kopa kubwa kuliko yote, akalinyanyua kwa mikono miwili, akafungua mdomo.

Mtoto akasimama. Akajinyoosha, akautazama mlango, akatoka.

Zabibu akavuta pumzi. Hakuita bado, alivuta pumzi tu.

"Nimeshiba!" Fisi alipiga ukelele.

Karimu alidondosha jembe. Neno lile lilimtoka Fisi vibaya, kama kwikwi, maana koo lake halikulizoea, na tumbo lake papo hapo likanguruma kulikanusha.

"Umesemaje?" Sungura aliuliza kutoka mlangoni. "Huku nyuma hatukusikia."

"Nimeshiba! Nimeshiba! NIMESHIBA!" Fisi aliliweka kopa chini, akalitazama mara ya mwisho, akatoka mbio. Alipita kati ya wanyama tumbo likiwa limegusana na mgongo, akiapa kwa kila aliyemtazama kwamba ameshiba, ameshiba kabisa, hawezi hata kutazama chakula. Walimsikia akiapa mpaka alipovuka kilima.

Zabibu aliketi chini mlangoni, akacheka mpaka machozi yakamtoka, akamchukua binti yake akamnyonyesha. Maziwa yalikuwepo, makopa yaliyobaki yangewafikisha kwenye mvua sasa mdomo wa Fisi umetoka, na hofu iliyomkaa kifuani tangu siku ya uzazi ilimtoka. Akamwambia mumewe habari yake yote, akasema alivyokuwa anaogopa. Karimu naye akakiri kwamba alikuwa na hofu ile ile, na kila mmoja alikuwa anamficha mwenzake.

Kule kisimani nako kulikuwa na habari. Zamu zote zile za Fisi, na hasira aliyochimbia, zilikuwa zimelifikisha shimo mahali ambapo wengine wangefika baada ya wiki mbili. Karimu aliposhuka alasiri alikanyaga tope. Alipiga jembe mara sita, maji yakaja kuzunguka miguu yake, ya baridi, yenye rangi ya maziwa kwanza na kisha safi. Wanyama walikunywa kwa mstari, na Simba akapanda juu ya jiwe akaeleza jinsi alivyopanga yote hayo tangu mwanzo. Walimwachia, maana walikuwa wamejaza midomo maji.

Mbele za watu binti yule alibaki Karibu, maana Simba alishalinguruma na hakulirudisha. Lakini nyumbani, na mdomoni mwa mama yake, alikuwa Zamu. Na akisikia jina hilo likiitwa kutoka pango la nungunungu, hata leo, Fisi alipo huko mbali hukunja mkia na kuongeza mwendo.

Basi na wewe uliye na mtoto mchanga ndani, unayekata jina la baba na kulishona na la mama, mimi sikukatazi. Kata, shona, liwe tamu. Ila kabla hujamwita mtu kulitangaza, simama mlangoni kwako saa ya chakula, uliite kwa sauti mara tatu, kisha ungoje kidogo uone ni nani anayeitika.